Mbwa Wetu na Upepo wa Dodoma

Ndugu msomaji, huenda wewe hufugi mbwa, na huenda nyumbani kwako mbwa haruhusiwi hata kukaribia kizingiti. Hilo nalielewa vizuri, kwani mimi mwenyewe nimekulia Temeke, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na wapangaji wanane, ambamo mbwa alihesabiwa kuwa ni kiumbe cha watu wa Oysterbay. Lakini ikiwa unaye mbwa wa ulinzi, au jirani yako anaye, nakuomba unisikilize kwa dakika chache. Nataka kukusimulia jinsi nilivyokaribia kumwua mbwa wangu kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe, huku nikiamini kwamba namtibu.

Mbwa huyo anaitwa Jemedari. Si mbwa wa kununuliwa wala hana nasaba. Ni mbwa wetu huyu huyu wa kawaida, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tulimchukua akiwa mdogo mwaka 2015, tulipokuwa tukiishi Mbagala, baada ya wezi kuruka ukuta usiku na kuondoka na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba pamoja na jiko la mkaa lililokuwa bado na moto. Mke wangu, ambaye mpaka siku hiyo hakutaka kusikia habari za mbwa, ndiye aliyesema, “Baba watoto, katafute mbwa.” Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka saba wakati huo, na jina la Jemedari alilitoa yeye. Tangu hapo mtoto na mbwa wakawa kitu kimoja.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kama wengi mnavyokumbuka, ulifanywa na TANU mwaka 1973. Lakini ni mwaka 2016 ndipo safari ile ilipoanza kwenda kwa kasi. Mimi nilikuwa karani wa masijala, na zamu yetu ilifika mwaka 2017, mwezi wa Juni. Tulipakia vitanda, makabati na masufuria juu ya lori, na Jemedari akafungwa kamba katikati ya mafurushi. Mke wangu alipendekeza tumwachie shemeji yake. Mtoto akasema kwamba kama Jemedari anabaki, na yeye anabaki. Basi tukasafiri wote.

Tulipanga nyumba Nkuhungu. Wale mnaoijua Dodoma mnajua kwamba mvua huko hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na baada ya hapo ni ukavu mtupu. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya upepo na vumbi. Sisi tuliozoea jasho la Pwani tulipasuka midomo katika juma la kwanza. Visigino vya mke wangu vilichanika. Chupa ya mafuta ya kujipaka ambayo Dar es Salaam ilitutosha mwezi mzima ilikwisha kwa siku kumi. Kwa hiyo, Jemedari alipoanza kujikuna na kutoa unga mweupe mgongoni kama mtu mwenye mba, hakuna aliyestaajabu. Tulisema ni upepo wa Dodoma. Tulisema atazoea, kama na sisi tutakavyozoea.

Lakini hakuzoea. Kufika Agosti manyoya yake yaliyokuwa yaking'aa yalikuwa yamepauka kama nyasi za kiangazi. Ukimpapasa mgongoni, mkono ulitoka na magamba madogo madogo. Usiku tulimsikia akijikuna na kugonga mguu sakafuni, tap, tap, tap, mpaka ungedhani mtu anabisha hodi.

Sasa nikueleze tulivyomtibu, maana tiba zetu ndizo zilizozidisha ugonjwa.

Kwanza tulimwogesha. Vumbi la Dodoma ni jekundu, na mbwa anayelala nje huvaa vumbi lile kama kanzu. Tukaona uchafu ndio unaomwasha. Mtoto alimwogesha Jumatano na Jumamosi, kila juma, kwa sabuni ya unga ile ile ya kufulia. Povu lilikuwa jingi, na mbwa alinukia vizuri kwa saa mbili, kisha akajikuna kuliko mwanzo. Mke wangu akasema ngozi inataka mafuta, akampaka mafuta ya nazi aliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam. Kwa Pwani lilikuwa wazo la busara. Kwa Dodoma, ndugu msomaji, vumbi liliyapenda mafuta yale kwa namna ambayo jioni Jemedari alionekana kama aliyekandikwa udongo tayari kwa kujengewa ukuta. Tukamwogesha tena kwa sabuni ya unga ili kuondoa tope.

Mwezi wa Septemba kulitokea jambo lililobadili mambo yote. Mtoto alipata vipele viwili mkononi. Vilikuwa vipele vya mbu tu, navyo vilipotea baada ya siku tatu, lakini mke wangu aliviona, akamwona mbwa, akajumlisha. “Mbwa huyu ana upele,” alisema, “na sasa unaingia kwa mwanangu. Ama atibiwe juma hili ama aondoke.” Sikuweza kumlaumu. Upele wa mbwa kweli unaweza kumfikia binadamu, na mama hana mzaha na ngozi ya mwanawe. Mtoto alisikia maneno yale akiwa nyuma ya mlango. Usiku ule alikwenda kulala karibu na banda la mbwa, tukamrudisha ndani kwa nguvu.

Asubuhi yake nilimweleza jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, aliyetusaidia kupata maji tulipohamia. Akacheka. “Jirani, hiyo ni kazi ya siku moja. Nenda gereji, omba oili chafu, ile inayomwagwa kwenye injini, umpake mwili mzima. Upele wote unakufa.” Alisema baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, ingawa sidhani kama babu yake alipata kuiona injini. Nami nilikuwa nimepata kusikia dawa hiyo tangu utotoni Temeke. Nani kati yetu hajaisikia? Nilichukua galoni tupu, nikaenda gereji, nikajaziwa bure.

Ilikuwa Jumamosi. Nilimfunga Jemedari kwenye mti wa mwarobaini uani, nikampaka oili ile nyeusi kwa brashi ya kupakia rangi, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Mtoto alinishikia kopo. Aliniuliza, “Baba, haitamwuma?” Nikamjibu kuwa dawa zote huuma kidogo. Mbwa alisimama kimya, akanitazama. Nakumbuka nilimsifu kwa ushujaa wake.

Mbwa, kama ujuavyo, hujisafisha kwa ulimi. Nilisahau jambo hilo, ambalo hata mtoto mdogo analijua. Mchana kutwa Jemedari alijilamba. Magharibi alikataa chakula. Saa tatu usiku akaanza kutapika, na matapishi yalikuwa meusi. Saa sita alikuwa akitetemeka mwili mzima na kupumua kwa shida, na mahali nilipokuwa nimesugua sana mgongoni ngozi ilikuwa imewiva kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mtoto aliamka, akaja kusimama karibu na taa. Hakulia wala hakusema neno. Alinitazama tu, na mtazamo wake ulikuwa ule ule wa mbwa asubuhi.

Kulipopambazuka nilimpigia simu mfanyakazi mwenzangu mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akanipa namba ya daktari wake wa mifugo. Alikuwa dada mdogo tu, umri wa binti yangu wa kwanza. “Shikamoo mzee,” alisema, kisha akasikiliza. Niliposema “oili chafu” alinyamaza kidogo. Halafu akaniamuru mambo ya kufanya wakati anajiandaa kuja, nami nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sababu huenda siku moja yakamfaa mtu. Nisimtapishe mbwa, wala nisimpe maziwa, kwa kuwa oili inapopanda tena kooni huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Nimfunge mdomo kwa kitambaa laini asiendelee kujilamba, lakini tu ikiwa ameacha kutapika na anapumua vizuri. Vinginevyo nikae naye nimzuie kwa mikono. Nivae mifuko ya nailoni mikononi, nifute oili kwa matambara makavu. Kisha nimpake mafuta ya kupikia, ndiyo, mafuta ya kupikia, ili yaivunje oili ile nzito. Na baada ya hapo nimwoshe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, nirudie mpaka maji yatoke meupe. Maji ya baridi hayafai, kwani mbwa aliyedhoofika hupoteza joto upesi.

Tulirudia mara tano. Mke wangu, ambaye juzi yake alitaka mbwa aondoke, alipiga magoti kwenye tope lile akisugua pamoja nasi, na kanga yake moja nzuri haikupata kutakata tena. Daktari alipofika alimtundikia Jemedari dripu kwenye tawi la mwarobaini, akakaa naye mpaka alasiri. Alituambia ukweli: kwamba kama mapafu yameingia oili nyingi, hatapona, na kwamba tutajua kwa siku mbili tatu.

Siku hizo tatu sitazisimulia kwa urefu. Siku ya nne alikunywa maji mwenyewe. Mtoto ndiye aliyekuja kunieleza, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi.

Daktari aliporudi, sasa aliweza kutazama kile ambacho tungepaswa kumwonyesha tangu Julai, yaani ngozi yenyewe. Alitazama ncha za masikio, viwiko na tumbo, kwani huko ndiko upele wa mbwa hupenda kuanzia, na huko hakukuwa na gamba wala jeraha. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayewashwa, hakuna. Akakwangua ngozi kidogo kwa wembe butu mahali pasipoungua, akaenda kutazama kwa hadubini. Hakuona utitiri. Alitueleza kwa uaminifu kwamba utitiri wa upele mara nyingine hujificha hata hadubini isiuone, kwa hiyo yeye hahukumu kwa hadubini peke yake. Lakini dalili zote zilielekea upande mmoja. Jemedari hakuwa na upele. Alikuwa na ngozi kavu.

Nikasema, kama mtu aliyepata mtetezi, “Basi ni upepo wa Dodoma.” Akajibu, “Upepo umo, mzee, lakini Dodoma nzima ina mbwa. Huyu wenu anakula nini?”

Ndugu msomaji, tulijibu swali lile kwa fahari. Anakula ugali kama sisi. Anashiba. Hajalala na njaa hata siku moja. Daktari akauliza tena, na safari hii alimwuliza mke wangu: “Na Dar es Salaam alikuwa anakula nini?”

Mke wangu akafungua mdomo, kisha akaufumba. Huko Mbagala mke wangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga. Alfajiri alikwenda soko la Feri, akarudi na ndoo ya samaki, akawaparua uani. Na vichwa, mikia na matumbo vyote vilichemshwa katika sufuria kuukuu la Jemedari. Kila siku ya Mungu, kwa miaka miwili, mbwa yule alikula samaki wa baharini. Tulipohamia Dodoma biashara ile ilikoma, kwa kuwa Dodoma hakuna bahari, na sufuria likabaki na ugali mtupu wa sembe, pengine na mchuzi wa maharage uliosalia. Sote tulikuwa tumehesabu kila tulichoacha Pwani: nazi, upepo wa jioni, majirani. Hakuna aliyehesabu vichwa vya samaki.

Daktari alituchambulia jambo lile kwa lugha nyepesi. Ngozi ya mbwa, chini ya manyoya yote yale, ni nyembamba kuliko yetu. Tabaka lake la juu lina chembe chache zilizopangana, ilhali letu lina nyingi zaidi. Kinachoilinda isikauke ni mafuta yaliyo kati ya chembe hizo, na mafuta hayo mbwa hawezi kuyatengeneza yote mwenyewe. Baadhi ni lazima ayapate katika chakula. Kadhalika manyoya yametengenezwa kwa protini, na mbwa anayekosa nyama, samaki au mayai hukosa mali ya kujengea. Tena kuna madini ya zinki. Mbwa anayelishwa nafaka peke yake huweza kuwa na upungufu wa zinki hata akishiba, kwa sababu ndani ya nafaka kuna kitu kinachoyashika madini hayo yasiingie mwilini. Na dalili mojawapo ya upungufu huo ni ngozi yenye magamba. Juu ya yote hayo sisi tulikuwa tukimwogesha mara mbili kwa juma kwa sabuni kali, na hivyo mafuta machache yaliyojitokeza tuliyaondoa sisi wenyewe.

Hapo ndipo nilipoyasikia matibabu, na nilishangaa, kwani yote yalikuwa jikoni kwetu au sokoni Majengo.

La kwanza ni mafuta ya alizeti. Dodoma na Singida ndiko alizeti inakolimwa, na katika vituo vya kukamulia utayapata kwa chupa au kwa dumu. Mafuta hayo yana kwa wingi ile aina ya mafuta ambayo ngozi ya mbwa inaihitaji. Hayapakwi mgongoni, yanatiwa chakulani. Kipimo alichotupa ni kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mbwa wa kilo kumi, na kwa Jemedari, aliyekuwa na kilo zipatazo ishirini, vijiko viwili. Alisisitiza tuanze na kidogo kwa siku chache za mwanzo. Ukizidisha mbwa ataharisha, na ukiendelea kuzidisha atanenepa, jambo ambalo nalo si afya.

La pili ni dagaa. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, wanaofika Dodoma kwa magunia, waoshwe vizuri kuondoa mchanga, wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, kisha wachanganywe na ugali. Kitunguu, nilijifunza siku hiyo, ni sumu kwa mbwa, kiwe kibichi au kimepikwa, na kitunguu saumu vilevile. Huharibu damu yake. Nilikumbuka mabakuli ya mchuzi tuliyomwaga mbele ya Jemedari nikafumba macho. Yai lililochemshwa mara mbili kwa juma ni jambo jema kwa anayeweza. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kabisa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha vikachoma utumbo.

La tatu lilikuwa ni kuacha, na ndilo lililokuwa gumu kwa mke wangu, mpenda usafi. Mbwa asiye na ugonjwa wa ngozi anatosheka na kuoga mara moja kwa mwezi, au akichafuka kwelikweli. Maji yawe ya uvuguvugu, sabuni iwe ya mbwa; na hata sabuni yetu ya kuogea si yake, kwani ngozi ya binadamu ina uchachu zaidi ya ngozi ya mbwa, na sabuni zetu zimetengenezwa kwa ajili yetu. Suuza mpaka povu lote liishe. Baina ya mwezi na mwezi, vumbi liondolewe kwa brashi. Mtoto alichukua brashi laini ya viatu ambayo haijatumika, na kila jioni alimpiga Jemedari brashi dakika kumi. Kazi hiyo haiondoi vumbi tu, bali pia hutandaza mafuta ya asili kutoka kwenye mashina ya manyoya. Zaidi ya hayo hukuwezesha kumwona kupe na kiroboto mapema.

Kwa siku ambazo muwasho ulizidi, daktari alitufundisha maji ya oti, ile nafaka ya uji inayouzwa madukani katika makopo na pakiti. Isagwe iwe unga laini, ikorogwe katika maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama maziwa, mbwa amwagiwe polepole, aachwe dakika kumi hivi, halafu asuuzwe. Hutuliza. Haitibu chanzo, bali humpa mnyama usiku mmoja wa kulala, na sisi pia.

Nilimwuliza juu ya shubiri, maana majirani wengi waliisifu, na ua wetu ulikuwa nao mmea huo. Akasema ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda humharisha mbwa akiulamba, na mbwa atalamba tu, afadhali kuuacha. Nikauliza juu ya mwarobaini, mti uliokuwa juu ya vichwa vyetu wakati huo. Akasema watu wengi huchemsha majani yake na kumwogeshea mbwa, lakini yeye hajaona likimponya mbwa mwenye upele, na haipasi kabisa kumnywesha. Sikuuliza tena juu ya oili chafu. Yeye mwenyewe aliongeza jambo moja ambalo naona limeenea mno: watu hununua duka la dawa za mifugo ile sindano ya ivermektini ya ng'ombe, wakamchoma mbwa kwa kukadiria. Dawa ile imekusudiwa mnyama wa mamia ya kilo. Tone moja zaidi kwa mbwa ni balaa, na wapo mbwa wa aina fulani ambao hata kipimo cha kawaida huwadhuru ubongo. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya josho isiyochanganywa na maji kwa kipimo chake.

Usije ukadhani, ndugu msomaji, kwamba nakuambia kila mbwa anayejikuna apewe alizeti basi. Siku hiyo hiyo daktari alitutajia dalili ambazo zikionekana si kazi ya jikoni tena: manyoya yakinyonyoka kwa mabaka ya duara, ambayo huenda ni choa na choa humwambukiza mtoto, ngozi ikitoa usaha au harufu, masikio yakifanya magamba mazito, mbwa akikonda au akiwa na ufizi mweupe, kwani kupe humletea maradhi ya damu, au watu wa nyumbani wakianza kuwashwa. Akaomba pia kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ilikuwa imepitwa na miezi mitatu, katika pilikapilika za kuhama. Akamchanja siku alipoona nguvu zimemrudia.

Tulianza alizeti mwezi wa Oktoba. Juma la kwanza hakuna lililobadilika, nami nikaanza kunung'unika, maana mtu aliyezoea dawa ya siku moja hana subira. Daktari alikuwa ametuonya: ngozi ya mbwa huchukua kama majuma matatu kujifanya upya, na manyoya huchukua zaidi, kwa hiyo tusihukumu kabla ya miezi miwili. Mtoto alitia alama kwenye kalenda ya ukutani kila alipotia vijiko viwili. Katika juma la tano ile tap, tap, tap ya usiku ilikuwa imepungua hata nikawa naamka kusikiliza kama mbwa yupo. Desemba mvua za kwanza zilipopiga, Jemedari alitoka bandani akajikung'uta maji, na kwa mara ya kwanza tangu Mbagala niliona manyoya yake yakimetameta. Mke wangu aliliona pia. Alisema, “Kumbe samaki wangu,” akaendelea kupepeta mchele.

Kuhusu gharama, nitasema kwa ufupi, kwani najua wengi mnaosoma mnaishi kwa mshahara. Dripu, dawa na safari za daktari zilinitoka kuliko alizeti na dagaa wa mwaka mzima. Oili chafu nilipewa bure.

Jirani yangu nilimweleza yote. Hakukasirika, aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba mbwa wa baba yake, sasa akikumbuka, alikufa mwaka huo huo aliopakwa, na wao walisema amerogwa. Siku hizi hununua alizeti yetu moja, tunagawana dumu.

Jemedari sasa ni mzee. Mdomo wake umeingia mvi, ngazi za kibarazani zinamshinda asubuhi, na wezi wakija nadhani atawakaribisha. Mgongoni, pale nilipokuwa nimesugua sana kwa brashi ya rangi, pamebaki kiraka kipana kama kiganja ambapo manyoya hayakupata kuota tena. Mwanangu amekuwa kijana, sauti imekuwa nzito, na bado yeye ndiye anayempiga brashi jioni. Akifika kwenye kiraka kile huiweka brashi chini, akapapasa kwa mkono mtupu, halafu akaendelea upande wa pili.